Kila Mshono wa Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi tulikuwa ghorofa ya thelathini na moja ya mnara, mahali ambapo wageni wote hupelekwa kuutazama mji kwa juu. Watu walikuwa wamebanana kwenye vioo wakipiga picha mto na madaraja yake. Wifi yangu alikuwa ameupa mto mgongo, anatazama suruali ya mlinzi.

"Wifi, hebu ona. Mguu wa kushoto umepindwa kwa mkono, wa kulia kwa mashine. Na kuna mtu amelipwa kwa kazi ile."

"Tumesimama foleni saa nzima ili uone pindo la suruali?"

"Mto hata kwetu upo."

Mlinzi aliona tunamkazia macho miguuni akajisogeza nyuma ya nguzo.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Ni fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili, na safari ilikuwa yake. Kwa muda mrefu alikuwa akitazama kwenye simu picha za mtaa mmoja wa mji ule, ambako kila Jumamosi vijana hujitokeza na nguo walizojibunia wenyewe. Alitaka kuuona kwa macho. Kaka alikubali kwa sharti moja, kwamba niende naye. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kaka anaamini kwamba mtu anayehesabu sindano na pamba kabla mgonjwa hajafungwa tumbo hawezi kumpoteza mkewe. "Mrudi wote wawili," aliniambia uwanja wa ndege, akacheka, lakini mkono wake ulichelewa kidogo kuuachia mpini wa begi langu.

Hatukujua lugha ya pale hata neno moja. Simu yangu ilikuwa na laini ya nchi ile na programu ya kutafsiri: unasema, inangoja kama sekunde mbili, kisha sauti ya mwanamke inasoma kwa lugha ya mwenzako. Simu ya wifi ilifanya kazi hotelini tu. Nje ya hoteli ilikuwa kioo cha kujitazama.

Mtaani tulifika saa nne na nusu, na nakiri kwamba ulistahili safari. Kijana mmoja alivaa kola iliyotengenezwa kwa mbavu za mwavuli. Msichana alipita na gauni la tai za kiume, tai sitini au zaidi, zimeshonwa bega hadi kifundoni. Palikuwa na mzee aliyevaa suti ya harusi iliyokatwa magotini, na buti za mvua, moja ya njano, moja ya bluu. Marafiki wawili walikuwa ndani ya sweta moja lenye shingo mbili, wakibishana waende upande gani.

"Hapa ndipo nilipotakiwa kuzaliwa," wifi alisema.

Alikuwa anawasimamisha kwa ishara, anawaomba wageuze pindo aone ndani, nao wanageuza. Ndani ndiko anakosoma. Anasema nje ya nguo kila mtu anaweza kudanganya.

"Na wewe," akanigeukia, "umevaa kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani. Siku tatu natembea na wewe kama nasindikizwa na askari. Leo utavaa kitu."

"Leo nitavaa nilichovaa."

"Utavaa, mwenzangu. Wala sikuombi."

Mwisho wa mtaa, chini ya tao la jengo la matofali, alisimama mwanamume wa miaka hamsini na kitu na bomba moja la kutundikia makoti. Wenzake wote walikuwa wakiita wateja, yeye hakuita. Alivaa kizibao cheusi, kucha fupi na safi, sindano yenye uzi imechomekwa kifuani. Wifi alipita makoti yote kwa vidole bila kuyatazama, akafika la mwisho, lililokuwa limesukumwa ukutani nyuma ya mengine, akasimama.

Lilikuwa kituko. Mkono mmoja ulikuwa wa mahameli ya kijani iliyotoka kwenye pazia la mtu, wa pili wa blanketi la kijivu. Vifungo vilikuwa kumi na kimoja na hakuna viwili vilivyofanana. Bega la kushoto lilikuwa na kiraka chekundu cha pembe tatu, ukubwa wa kiganja. Kabla sijasema kitu lilikuwa mwilini mwangu, na wifi anarudi nyuma hatua tatu, mikono kiunoni.

"Sasa umekuwa mtu," alisema. "Ukiingia nalo chumba cha upasuaji, mgonjwa anapona kwa kicheko."

Kisha uso wake ukabadilika, kama unavyobadilika anapoanza kazi. Aliinua bega langu, akageuza kola, akaingiza kidole chini ya kiraka.

"Muulize kama ameshona yeye."

Niliuliza kwa simu. Yule bwana alikuwa na programu ileile kwenye simu yake, akaisogeza mdomoni.

"Hapana," sauti ya mwanamke ilitusomea. "Koti lilikuja hivyo hivyo ndani ya gunia. Sijaligusa. Mimi nauza tu."

Wifi aliangua kicheko. Alinyoosha mkono, akashika mfuko wa kizibao cha yule bwana kwa vidole viwili, kama mtu anavyomshika mtoto sikio.

"Muongo huyu. Tazama, wifi. Uzi wa nta. Mshono unalala kushoto. Moja, mbili, tatu, na wa nne anaurudia mara mbili. Sasa njoo begani kwako: moja, mbili, tatu, wa nne mara mbili. Mkono mmoja! Anaona haya kusifiwa. Hebu tupige picha."

Nilinyoosha simu mbele yetu. Mimi na wifi tunacheka kwenye picha ile. Yule bwana anatazama bega langu. Picha imeandikwa saa sita kasoro dakika nane.

Wifi aliichukua simu, akasema ndani yake taratibu, kwa heshima ya fundi kwa fundi: "Kazi nzuri sana, kaka. Mkono wako nitaujua popote."

Sauti ilisoma. Yule bwana aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu. Akauliza tunatoka wapi. Tumefikia wapi. Tunaondoka lini. Mko wawili tu?

"Wawili tu," wifi akajibu, akamhesabia pesa za koti, akanifunga kifungo cha juu.

Mtaa wa vyakula ulikuwa umbali wa dakika sita kwa miguu, nyuma ya soko la maua. Vibanda vilipangwa pande mbili, moshi katikati. Tulikula viazi vilivyokatwa kama springi ya godoro na kuchomekwa kwenye kijiti, tukala uyoga wa kuchoma, tukala kitu cha unga chenye asali ambacho wifi alirudia mara mbili na kukana mara zote mbili. Nilikuwa nimezoea kutotazamwa. Pale nilitazamwa.

Mwanzoni nililitupia lawama koti, na hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila niliielewa vibaya. Msichana aliyekuwa akicheka na wenzake aliniona akanyamaza. Kijana aliinua simu anipige picha, akaishusha bila kupiga. Muuza viazi alinipa kijiti changu na macho yake hayakufika usoni kwangu; yaliishia begani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatujia alivuka barabara. Nilihesabu watu saba ndani ya dakika ishirini. Katika mtaa ule, ambapo mtu aliweza kupita na kola ya mwavuli bila mtu kugeuka, watu saba walinyamaza kwa sababu ya koti.

"Unapendeza mpaka wanaogopa," wifi alisema.

"Wanatazama kiraka."

"Si kimeshonwa vizuri!"

Tulikuwa kwenye foleni ya supu, foleni ndefu kuliko zote, watu kama thelathini mbele yetu, yule bwana wa makoti alipotokea. Hakuwa na bomba lake la nguo. Nilimuuliza kwa simu ametupataje. Alijibu kwamba wageni wote huja kula hapa. Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli niliikubali.

Alitaka mambo mawili. Kwanza, kifungo cha tatu cha koti langu kilikuwa kinalegea. Nimpe koti akakikaze. Nilimwambia kuna baridi, tutalileta baadaye. Aliomba tena, akakigusa kifungo kwa ncha ya kidole. Nilikivuta. Hakikuwa kimelegea. Nilisema hapana kwa mara ya pili, akainamisha kichwa kwa adabu, akahamia la pili. Karakana yake iko karibu. Ana vitambaa vya zamani, vya miaka themanini, tisini, ambavyo hawaonyeshi wanunuzi kwa sababu hawavielewi. Fundi angevielewa.

Ungemwona wifi macho yake.

"Dakika kumi na tano, wifi. Wewe shika foleni, ukikaribia nimesharudi."

"Twende wote baadaye."

"Baadaye foleni itakuwa imefika mtoni. Jamani, ni fundi mwenzangu. Kwani nakwenda vitani? Niagizie yenye pilipili."

Waliondoka saa saba na dakika ishirini na tano. Niliwaona wanapita kati ya vibanda, yeye mbele kidogo, wifi anamweleza kitu kwa mikono miwili. Walikata kushoto.

Foleni ilisogea. Mwenye kibanda cha supu alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cheupe na upawa mrefu. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshampa jina la Mama Supu. Nilipobakiza watu wawili aliinua macho, akaniona, na upawa ukasimama hewani. Supu ilidondoka juu ya meza yake. Hakuifuta. Alinyoosha upawa kunionyesha nguzo iliyokuwa nyuma yangu.

Nguzoni palibandikwa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Jua lilikuwa limeifanya nyeupe pembeni. Ilikuwa picha kubwa ya msichana wa miaka ishirini hivi, anacheka, amesimama mbele ya kibanda kilekile cha supu, kikombe mkononi. Amevaa koti lenye mkono mmoja wa kijani na mwingine wa kijivu.

Niliielekeza simu kwenye maandishi. UMEMWONA? Alionekana mara ya mwisho katika mtaa huu. Tarehe ilikuwa ya miezi saba nyuma. Alikuwa amevaa koti alilolishona mwenyewe, hakuna lingine kama hilo.

Kazini, hesabu isipotimia, hakuna anayepiga kelele. Kila mtu anasimama pale alipo na tunahesabu upya. Nilihesabu upya. Koti lilikuwa la msichana. Lilikuwa kwa yule bwana. Yule bwana alisema hajaligusa. Wifi alimthibitishia mbele yangu, kwa kicheko, kwamba aliligusa, na kwamba angeujua mkono wake popote. Kisha akamwambia tuko wawili tu. Saa ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Dakika kumi na tano zake zilikuwa zimekwisha dakika kumi zilizopita.

Niliibandua ile karatasi nguzoni. Nilimwonyesha Mama Supu picha yetu ya watu watatu, nikagusa uso wa yule bwana.

"Wifi yangu amekwenda naye," niliiambia simu. "Karakana yake iko wapi?"

Mama Supu alisikiliza, akaichungulia picha, akasema maneno mawili ambayo programu haikuyatafsiri. Alizima jiko. Watu wa foleni walianza kulalamika, akawageukia na upawa wakanyamaza. Alipiga simu huku tayari anatembea, mimi nyuma yake, na kwa mwendo ule sikuamini kwamba ni mwanamke mnene.

Tulikata kushoto, tukapita uchochoro wa mapipa ya taka, tukaingia ua uliozungukwa na kuta za madirisha yaliyozibwa. Mwisho wa ua palikuwa na ngazi tatu za kushuka na mlango wa kioo wenye kengele. Mama Supu alinionyesha mlango, akanionyesha simu yake, akanionyesha mdomo wa uchochoro: askari wanakuja, yeye atawangoja ili wasipotee. Alitaka na mimi ningoje. Sikungoja.

Kengele ililia. Ndani palikuwa na joto la pasi na harufu ya chaki. Nilitazama kama ninavyotazama chumba kabla mgonjwa hajaletwa: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, sanamu ya kuvalishia isiyo na kichwa, rafu za vitambaa zimepangwa kwa rangi. Kila mkasi ulining'inia kwenye msumari wake. Kwenye kona ya nyuma palikuwa na uwazi kwenye sakafu na ngazi za mbao zinazoshuka.

Wifi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kwanza, mkono ukutani. Miguu yake ilikuwa na soksi tu.

"Umekuja! Wifi, huyu ni fundi haswa. Karakana yake ni kuvua viatu, kama kwangu. Mtu hakanyagi nyuzi za watu. Viatu vyangu amenipelekea chini kwenye rafu, na huko chini ndiko kuna hariri yenyewe."

Kutoka chini taa ilisogea, na yule bwana akapanda ngazi mbili, akajitokeza mpaka kifuani. Mkono mmoja ulishika taa. Wa pili ulishika simu. Aliniona, akaona koti, na akatabasamu taratibu. Kisha akaninyooshea kidole miguuni. Viatu.

Nilitabasamu na mimi. Lugha yetu ilikuwa yetu; niliona naweza kusema lolote mbele yake.

"Wifi," nilisema kwa sauti ya utani, "cheka, halafu panda uje kwangu. Usiulize kitu. Huyu mtu ni hatari."

Wifi alicheka. Ananijua, kicheko kilitoka, ila macho yalibaki kwangu, yanapima.

Na katika ukimya wa baada ya kicheko, simu iliyokuwa mkononi mwa yule bwana ilingoja sekunde zake mbili, kisha ile sauti ya mwanamke, tulivu, ikaanza kumsomea.

Aliisikiliza yote. Hakuikatiza. Ilipomaliza aliitazama kama mtu anayesoma tena, akaizima, akaiweka mfukoni. Aliiweka taa juu ya ngazi, mbele ya miguu ya wifi. Alijifuta viganja kwenye kizibao, kimoja kimoja. Kati ya vidole vyake na kifundo cha mguu wa wifi palikuwa na ngazi moja.

"Panda," nilisema.

Wifi alipanda kinyumenyume. Nilimshika mkono, nikamvuta nyuma ya meza ya kukatia. Yule bwana alimaliza kupanda bila haraka, akapita upande wa pili wa meza, akaelekea mlangoni. Nikaona kwamba anakwenda kuufunga, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo kengele ilipolia. Mlango ulisukumwa kutoka nje. Aliingia askari wa kike, kijana, na nyuma yake Mama Supu na upawa wake.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, na nieleze kwa nini, kwa sababu yule bwana alikuwa na jibu zuri. Alivuta kiti akakaa, mikono magotini. Aliongea na askari kwa sauti ya chini, na niliiweka simu yangu mezani itusomee.

"Nanunua nguo kuukuu kwa magunia. Nyingine zimechanika, nazitia viraka. Koti hilo lilikuja wiki iliyopita. Sijui lilikuwa la nani. Sisomi matangazo. Wageni walilipenda, nikawauzia. Mwenzao alitaka kuona vitambaa, nikamkaribisha. Nasikitika kwamba wameogopa."

Askari alikuwa anaandika. Kila sentensi ilikuwa inawezekana. Mtu anayetia viraka nguo kuukuu lazima mkono wake uonekane kwenye nguo kuukuu. Wifi alikuwa amethibitisha kwamba bwana huyu ni fundi viraka, basi. Nilisema kwamba asubuhi alituambia hajaligusa koti. Yule bwana alijibu kwamba pengine mashine ilitafsiri vibaya. Hilo pia lilikuwa linawezekana. Askari alinitazama kwa upole, kama ninavyowatazama ndugu wa wagonjwa, akafunga daftari. Alisema atalichukua koti, atachukua majina, na sisi twende tukapumzike.

"Wifi," mwenzangu alininong'oneza, uso umemwiva, "umenitia aibu. Mtu ametupokea kwake. Fundi mwenzangu!"

Nilianza kufungua vifungo. Kumi na kimoja, kutoka juu. Nilifika cha tano, nikasimama.

Askari atachukua koti. Koti na karatasi vitakwenda pamoja. Nilikuwa bado sijaviweka pamoja mimi mwenyewe.

Niliitandaza ile karatasi chini ya taa ya cherehani. Nikalivua koti, nikalilaza kando yake, bega la kushoto juu.

"Wifi, njoo hapa. Usinisikilize mimi. Tazama kazi."

Alikuja kwa hasira, akainama. Alitazama koti, akatazama picha, akarudi kwenye koti. Alichukua kioo cha kukuza kilichokuwa juu ya meza ya yule bwana, kioo chake mwenyewe, akakishusha juu ya picha, juu ya bega la msichana anayecheka. Kiraka chekundu kilikuwepo. Pembe tatu, ukubwa wa kiganja.

Midomo yake ilianza kusogea. Moja, mbili, tatu. Wa nne mara mbili. Moja, mbili, tatu. Wa nne mara mbili.

"Kiraka kilikuwepo," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Alikitia yeye. Hakukitia wiki iliyopita. Koti lilikuwa bado liko mwilini kwa mwenyewe." Akanyanyua kichwa, akamtazama yule bwana, na nikaona heshima yote ya ufundi inamtoka wifi usoni. "Wewe ulimshonea. Alikuja kwako na koti limechanika bega, ukamshonea, akaenda kupigwa picha anacheka. Unamjua."

Simu ilingoja, ikasoma. Mama Supu aliweka mkono mdomoni. Askari alifungua daftari tena, akainama juu ya karatasi, akahesabu kwa ncha ya kalamu, polepole, mistari miwili. Alipomaliza alimuuliza yule bwana swali moja fupi.

Alinyoosha ncha za kizibao chake. Alikuwa anamtazama wifi, bila chuki, kama unavyotazama uzi uliokatika katikati ya kazi.

Askari alimwita mwenzake kwa redio. Kisha akauliza huko chini kuna nini.

"Vitambaa," simu ilisoma. "Vitambaa tu."

"Na viatu vyangu," wifi alisema. "Mwambie viatu vyangu viko chini, sitoki hapa na soksi."

Askari wa pili alifika, mwanamume mrefu. Akasimama kati ya kiti na mlango. Yule wa kike aliwasha tochi, akashuka. Tulisikia hatua zake kwenye mbao, kisha kwenye saruji. Tulisikia kitu kizito kinaburutwa. Kisha hatukusikia kitu. Niliitazama saa ya ukutani kwa sababu sikutaka kumtazama mtu. Dakika moja. Dakika tatu. Wifi alikuwa amenishika kiwiko na vidole vyake vya ushonaji vilikuwa vinaniumiza. Dakika ya sita hatua zilirudi, nzito kuliko zilivyoshuka.

Hakuleta viatu. Uso wake ulikuwa hauna kitu. Alikuja moja kwa moja kwa wifi, akamwonyesha kioo cha simu yake, picha aliyoipiga huko chini, akasema maneno machache. Simu yangu iliyokuwa mezani ilingoja sekunde zake mbili.

"Tafadhali nionyeshe," sauti ilisoma, "vyako ni vipi?"

Ilikuwa rafu ya mbao, imesuguliwa vizuri, na juu yake viatu vya kike, jozi tano, visigino vyote vimegusa ukuta. Vya wifi vilikuwa vya mwisho kulia. Baada ya hapo palibaki nafasi ya jozi moja, imefutwa vumbi.